Kuku wa Mwenye Nyumba

Kuku aliyepangiwa kufa jioni ile aliitwa Shangazi, na wala hakuwa na habari. Alikuwa anajigaragaza vumbini kando ya banda, akiinuka mara kwa mara kuwafukuza mitetea wadogo kivulini, utadhani banda kalijenga yeye. Mama Mayai alimtazama kwa jicho la pembe. Kutaga alishaacha, kula hajaacha, na ubabe ndio kwanza unaanza. Kama kuna wa kwenda, basi ni yeye.

"Usiniangalie hivyo," alimwambia. "Leo zamu yako, na mimi usinilaumu."

Mtaa ulimwita Mama Mayai kwa sababu mayai ya mtaa mzima yalitoka kwake, yangali na ujoto. Kabla ya kuku alikuwa akifua mashuka hospitalini, mpaka mgongo ukagoma. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mtaani. Mumewe, mwashi, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, akafa kabla hajaipaka rangi, na tangu hapo mjane hakutaka mtu aiguse hata kwa brashi. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda, nyuma ya banda ukuta wenye mlango wa mbao, na nje ya ukuta majani marefu yaliyoteremka hadi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa siku nyingi. Huko ndiko alikotokea chui.

Naam, chui. Si kicheche, si paka shume, kama alivyokuwa akiwadanganya wateja waliouliza mbona kuku wanapungua. Chui mzima wa madoadoa, mwenye wayo wa kujaza sahani.

Mtu mwenye akili timamu angepiga kelele mtaa ukajaa. Mama Mayai alifunga mdomo, na sababu ilikuwa binti yake. Huyo binti, mtoto wake wa pekee, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mwanamke wa shoka, mtu asiyerudia neno. Mara ya kwanza chui alipopita, binti alikuta bati la banda limechanwa na damu imekauka ukutani, na siku hiyohiyo akaanza kupakia kitanda cha mama yake kwenye lori. Mama alilia, akagombana, akajilaza juu ya godoro asiondolewe. Mwisho wakapatana. "Sawa, kaa," binti alisema. "Lakini siku nikisikia yule mnyama karudi hata mara moja, mama, utapanda lori, hata kama ni kwa kubebwa." Na alikokuwa akipelekwa kulikuwa chumba kimoja ghorofani, dirisha linatazama dirisha la mtu mwingine, kuku hata wa kuchora hakuna. Kwa Mama Mayai kwenda kule kulikuwa kuzikwa huku anapumua.

Basi mnyama aliporudi, akanyamaza. Alitundika taa, akafunga makopo kwenye kamba yalie, akalundika miiba juu ya bati. Thubutu! Chui alichukua jogoo, akachukua mitetea wawili waliokuwa wakitaga vizuri kuliko wote, akaacha manyoya tu. Kila asubuhi mama wa watu alikuwa akifagia manyoya hayo kabla mtaa haujaamka, kama mwizi ndiye yeye.

Kisha siku moja kuku mgonjwa alikufa, naye akamtupa nje ya ukuta. Jioni ile chui alimchukua yule mfu, na banda hakuligusa. Mama Mayai aliwaza, akawazua. Juma lililofuata akachukua kuku mzee, akamfunga mguu kwenye kisiki kilichokuwa nje ya mlango wa nyuma, akarudi ndani akatia komeo. Kuku akaenda, banda likalala salama. Toka hapo ikawa ndiyo desturi: jua likianza kuzama anachukua kuku asiye na faida, anagonga kopo la pumba ili kuku atulie ale, anamfunga, anarudi ndani bila kugeuka. Mama Mayai akampa yule mnyama jina la Mwenye Nyumba, kwa sababu anakuja kuchukua kodi yake na hataki maelezo.

Alijiona mjanja. Kumbe anajipalia makaa, ila hajui.

Jirani yake wa ukuta mmoja, fundi baiskeli aliyeitwa Spoku kwa wembamba wake, alikuwa ameshaanza kunusa. Chui ana sauti kama mtu anayekata mbao, inakwenda na kurudi, na Spoku hakuwa kiziwi.

"Shemeji," alimwambia juu ya ukuta, "magharibi kuna mtu anapiga msumeno nyuma kwako. Ndiyo umeolewa na seremala kimyakimya, hata pilau tusile?"

"Hangaika na baiskeli zako," alijibu Mama Mayai, akacheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. Maana siku za karibuni Mwenye Nyumba alikuwa ameanza kuwahi. Zamani alingoja giza. Mara ya mwisho Mama Mayai hakuwa hata ameshusha komeo vizuri aliposikia pumzi upande wa pili wa mbao, nzito, tulivu, ya mtu asiye na haraka.

Sasa, jioni hiyo ya Shangazi, jua lilikuwa bado juu ya paa la Spoku wakati honi ya lori ilipolia mbele ya nyumba. Mama Mayai alishtuka mpaka kopo likamtoka mkononi. Binti hakuwa amepiga simu. Kamwe hakuwa mtu wa kuja bila kupiga simu.

"Nani kakwambia?" lilimponyoka, kabla hata ya salamu.

"Aniambie nini? Shikamoo, mama. Hivyo ndivyo unavyompokea mwanao?"

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nimeshtuka tu."

Binti aliruka chini, akazunguka nyuma ya lori, akafungua. Mama Mayai alichungulia akitarajia kuona nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya kitanda chake. Badala yake aliona wavu mzito wa chuma, umeviringishwa kama mkeka, nguzo za bomba, saruji na kisanduku cha zana.

"Nimefikiri njia nzima," binti alisema, akijifuta jasho kwa mkono wa shati. Hakuwa na mazoea ya kusema maneno laini, na yalimtoka kwa shida. "Wewe hapa ndipo pako. Nikikuweka kule ghorofani utaninyaukia. Basi nitakujengea banda ambalo hata tembo atauliza mlango uko wapi. Ukae na kuku wako, na nyumba ya baba. Sitasema tena habari ya kuhama."

Lo! Mama Mayai alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Alicheka, akalia, akamwita mtoto wa baraka. Furaha ilimjaa kifuani kiasi kwamba kwa kitambo alisahau kabisa kwamba jua linashuka. Halafu kivuli cha paa la Spoku kikagusa banda, naye akakumbuka.

Kuku hajafungwa.

"Njoo ule kwanza," alisema. "Umechoka. Kazi ni kesho."

"Nitakula. Ngoja nipime ukuta wa nyuma wakati bado kuna mwanga."

"Ukuta haukimbii! Keti kwanza, maji ya kuoga nakuchemshia."

"Mama, mbona unanishika hivyo?" Binti aliutazama mkono wa mama yake, uliokuwa umekamata shati lake kwa nguvu. "Unatetemeka. Una homa?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno moja tu lilitosha: yupo. Lakini neno hilo lingeurudisha wavu garini na kitanda kikaufuata. Mama Mayai alikuwa ameshaiona miaka yake iliyobaki, ameiona kabisa, asubuhi na mayai ya moto, jioni na mitetea wakigombania kijiti cha juu. Akaachia shati. Akajiambia kwamba jua bado lipo, kwamba kupima ni kazi ya mara moja, kwamba atamfunga Shangazi binti akiwa anaoga. Tamaa ya kubaki ilimziba macho, na hilo nalisema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulikataa baadaye.

"Sina homa," alisema. "Pima upesi."

Binti alipima urefu wa ukuta kwa ndani, akipiga mluzi. Mama alikuwa nyuma yake hatua kwa hatua, macho kwenye mlango wa mbao. Komeo lipo. Vizuri. Mpimaji akaandika kiganjani kwa kalamu, akakuna kichwa, akasema nguzo nyingine zitakaa vizuri zaidi kwa nje. Kabla Mama Mayai hajafungua kinywa, komeo likalia na binti akawa ametoka.

"Mwanangu, rudi!"

"Dakika!"

Mama Mayai alifika mlangoni akihema. Nje mwanga ulikuwa wa rangi ya chai. Binti alikuwa amechuchumaa penye kisiki, mgongo umeelekea majani, ameshika kipande cha kamba kilichobaki pale.

"Hii kamba ni ya nini? Na haya manyoya? Umekuwa ukichinjia huku?"

Mama Mayai alikuwa anatazama majani nyuma ya bega la binti yake. Upepo hakuna, majani yote yametulia, ila mahali pamoja ambapo palikuwa na kitu cha rangi ya majani makavu kilichokuwa hakifanani kabisa na majani makavu. Sikio. Kisha jicho. Mwenye Nyumba alikuwa ameshafika, naye hamtazami mama. Alikuwa anamtazama aliyechuchumaa penye kisiki, mahali ambapo kila jioni ya malipo hukuta nyama imefungwa inamngoja.

Kupiga kelele? Binti angesimama ghafla, akageuka, akakimbia, na chui humrukia anayekimbia.

"Usiinuke," alisema kwa sauti ya chini. "Usigeuke. Njoo kwangu hivyohivyo, taratibu, kama unatambaa."

Jambo moja zuri la madereva: wakisikia sauti ya aina ile hawaulizi. Binti aliachia kamba. Lakini majani nayo yakainama, na mnyama akalala chini zaidi, mabega yakapanda juu ya kichwa.

Mama Mayai alirudi bandani mbio, yeye na mgongo wake uliogoma. Alikwapua kopo la pumba, akaingiza mkono bandani na kushika kuku wa kwanza aliyemgusa. Hakuwa Shangazi. Shangazi, mjuzi wa mambo, alikuwa ameshapanda kijiti cha juu kabisa. Aliyeshikwa alikuwa mtetea mwekundu, kipenzi chake, anayetaga bila kukosa. Alitoka naye anapiga mabawa, akapita kando ya binti yake aliyekuwa bado njiani kwa magoti, akasimama katikati, akagonga kopo.

Ko, ko, ko.

Na Mwenye Nyumba akainuka. Hakuruka, hakunguruma. Alitoka kwenye majani wazi kabisa, mkia chini, akatembea kumwendea Mama Mayai kama mbwa anayeitwa kula, akakaa kitako karibu naye kiasi cha mtu kuhesabu sharubu. Akangoja. Hakumtazama kuku kwanza. Alimtazama yeye usoni, kwa utulivu, kama mtu anayemtazama mtu wake.

Mama Mayai alimrusha mtetea mwekundu mbali kadiri mkono wake ulivyoweza. Chui alimdaka kabla hajatua. Majani yakafunguka, yakafumba, basi.

Mlango ulipofungwa walikuwa wote wawili chini, migongo kwenye mbao. Binti alikuwa na udongo magotini na uso usio na damu.

"Anakujua," alisema.

Mama Mayai alilia.

"Mama, yule mnyama anakujua! Amekuja kwa kopo!"

Basi akasema yote, bila kuficha hata unyoya. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Hakupiga. Aliuliza swali moja tu, taratibu, kama anayeuliza njia.

"Na kuku wangekwisha, ungempa nini?"

Haki ya Mungu, Mama Mayai hakuwahi kujiuliza. Usiku ule hakusubiri kuambiwa. Alikunja mashuka yake mwenyewe, akafunga vyombo, akatoa picha ya marehemu ukutani. Nyumba alikuwa bado anaipenda, lakini kila alipofumba macho aliuona mgongo wa mwanawe penye kile kisiki, na alitaka kwenda mbali, hata ghorofani, hata wapi.

Asubuhi walipita kwa Spoku kumuaga na kumwambia ukweli, maana ukuta wake na wao ni mmoja. Spoku alikuwa ameshika tairi. Alianza kutabasamu, akidhani anataniwa, kisha tabasamu likamwishia usoni.

"Wajukuu wangu wanacheza kule nyuma," alisema. "Kila siku, shemeji. Unajua wanacheza na nini? Wanagonga makopo."

Mama Mayai alikaa chini palepale, kwenye vumbi na grisi. Fundi hakumwinua. Alitupa tairi, akaingia ndani kuwafungia watoto, na ndiye aliyepiga simu.

Askari wa wanyamapori walifika kabla ya mchana, wawili, na bunduki ya sindano ya kulaza. Mkubwa wao, mtu mwembamba wa sauti ya upole, alikagua kisiki, akakagua nyayo, akasikiliza habari yote huku anaitikia kwa kichwa. Lori lilikuwa limeshapakiwa, na kuku wametiwa kwenye makreti. Mama Mayai alikuwa ameketi mbele, mkoba mapajani, anangoja injini iwashwe.

"Shuka, bibi," askari alisema. "Huwezi kuondoka."

"Nimeshakosa, baba, najua. Nitozeni, nifungeni, ila niondoeni hapa."

"Hakuna wa kukufunga. Sikiliza. Chui wa porini humpati kirahisi namna hii, anamkimbia mtu. Huyu ameacha kumkimbia mtu. Ukiondoka wewe, leo jioni atakuja, hatakuta kuku, atafuata kopo la kwanza atakalolisikia. Lazima atoke mahali pa wazi, mwenzangu ampate kutoka juu ya paa. Na atatoka kwako tu."

"Basi nimfungie kuku," alisema haraka. "Shangazi yumo kwenye kreti."

"Kuku hapana. Akipewa kuku anadaka na kukimbilia machimboni kabla sindano haijafanya kazi, kisha tunampoteza akiwa na hasira. Dawa inachukua muda. Tunataka akae, akutazame, angoje." Askari alishusha macho. "Utasimama mikono mitupu."

Binti alisema hapana. Alisema nitasimama mimi, nitavaa nguo zake, nitagonga mimi. Askari alimjibu kwamba yule mnyama anazijua hatua za mama kuliko za mtu yeyote, na binti akageuka akapiga mlango wa lori kwa ngumi, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba yake. Mama Mayai alimshika kichwa, akakibana kifuani. Kisha akateremsha mkoba wake, akaurudisha ndani ya nyumba. Hivyo ndivyo alivyobaki.

Jua lilipofika juu ya paa la Spoku, mtaa mzima ulikuwa umefungiwa ndani. Askari mmoja alikuwa amelala kifudifudi juu ya bati, mwingine nyuma ya ukuta na bunduki ya risasi, kwa lolote litakalotokea. Mlango wa mbao uliachwa wazi. Binti alichuchumaa nyuma yake, mkono umenyooshwa nje, ameshika pindo la khanga ya mama yake. Alikuwa amekatazwa. Hakuna aliyethubutu kumbandua.

Mama Mayai alisimama penye kisiki, kopo mkononi. Nyuma yake alisikia kuku wakinong'ona kwenye makreti, na aliwaza kwamba hajawahi kuichukia sauti ile kabla ya leo. Alimwomba Mungu chui asije. Halafu akawakumbuka wajukuu wa Spoku na makopo yao, akaomba aje.

"Gonga, bibi," ilinong'ona sauti kutoka paani.

Aligonga. Ko, ko, ko.

Hakungoja sana. Chui alitoka palepale pa jana, bila kunyatia, akakaa kitako mbele yake, akamtazama usoni. Sindano ilipiga kwa sauti ndogo, kama mtu aliyetema mate. Chui aligutuka, akageuza kichwa, akalilamba bega lake, kisha akamrudishia macho Mama Mayai. Hakumdhania yeye. Aliinuka, akasogea hatua moja, kisha nyingine, akimtafuta kuku mikononi mwake.

Mama Mayai aliachia kopo, akamwonyesha viganja vyote viwili, vitupu. Khanga ilivutwa nyuma yake, ikakaza kiunoni, lakini hakurudi nyuma.

"Sina kingine," alimwambia, na machozi yakamtoka kwa hofu na kwa huruma, hakujua ipi zaidi. "Nimebaki mimi tu."